Malori Mawili ya Maji Safi

"Mgonjwa hatafika jioni."

Simu ikakatika hapo hapo.

Sauti ilikuwa ya Mjomba, na huyo Mjomba hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa mkuu wa idara ambayo haina kibao mlangoni, na akianza maneno bila salamu ujue mambo yameharibika.

Sindano aliirudisha Nokia ndogo ndani ya buti, akajifanya anafunga kamba za kiatu. Halafu akasimama na kuegemea reli ya tangi kama mtu asiye na habari.

Mgonjwa hatafika jioni. Maana yake tangi linauawa leo, mchana kweupe, kabla wakaguzi hawajafika.

Chini yake tangi lenyewe lilikuwa likitokota. Si kwa moto, kwa hewa. Mashine mbili zilisukuma hewa kutoka sakafuni, na maji ya rangi ya kahawa yakawa yanajiviringisha na kutoa harufu ya tope na petroli. Maji hayo yalipanda pamoja na mafuta kutoka chini ya bahari, kwenye majukwaa ya kuchimbia yaliyo mbali mno kuonekana kwa macho. Chumvi yake iliishinda ya bahari yenyewe. Hata mafuta yakishaenguliwa, hubaki uchafu ulioyeyuka, usioonekana, na huo ndio unaomaliza samaki.

Ndani ya tangi waliishi bakteria walioula uchafu huo bila kubakiza.

Bakteria wengine wangekufa mle kabla hujapiga chafya. Hawa walizoeshwa. Kaka yake Sindano, Mungu amrehemu, aliwachota pamoja na tope kwenye mashamba ya chumvi, akawaongezea chumvi kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, yeye na mkewe. Kaka akafariki. Mkewe akabaki na watoto wawili wa kuzaa na mamilioni yasiyohesabika ya tangini, na wafanyakazi wakambandika jina: Mama Wadudu.

Kwa Sindano alikuwa wifi.

Na wifi huyo ndiye aliyeshukiwa usaliti.

Leo wakaguzi wa serikali walikuwa wanakuja kupima maji yanayotoka. Yakiwa safi, mtambo huu mdogo wa majaribio utapanuliwa na maji yote ya majukwaani yataletwa hapa. Yakiwa machafu, kazi nzima inakwenda kwa kampuni ya kigeni ambayo haina haja na bakteria. Yenyewe ilipanga kumwaga dawa, kuyapa maji sura ya usafi na kuyarudisha baharini vivyo hivyo. Mtu fulani humu ndani alikuwa akizungumza nao. Simu zilipigwa kutoka ofisi ya Mama Wadudu, kwa simu yake ya mezani.

"Ukiona dalili, mtie pingu," Mjomba alikuwa ameshasema. "Wifi au si wifi."

Kwa hiyo Sindano alijifanya ameachishwa kazi ya bima. Wifi, mwenye huruma zake, akamtafutia kibarua cha kuchukua sampuli, tena akawaongopea wenzake kwamba wifi yangu huyu kazi hii anaijua, amewahi kuifanya kwingine. Pingu zilikuwa mfukoni mwa ovaroli. Wallahi zilimwelemea kuliko bastola.

Sindano alichota sampuli kwa kata ya mpini mrefu, akaimimina kwenye chupa. Kata ilikuwa imejaa utelezi. Akageuka, akafungua bomba lililokuwa ukutani, akaisuuza vizuri kwa maji safi, akarudi kuichovya tangini.

Pa!

Kofi lilitua mkononi. Kata ikadondoka kwenye zege.

"Wee! Unataka kuniulia watoto?"

Mama Wadudu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na akikasirika haangalii cheo cha mtu.

"Wifi, nilikuwa naisafisha tu..."

"Unaisafisha kwa maji ya bomba! Hawa wamezoea chumvi. Wakikutana na maji matamu, maji yanawaingia mwilini, wanavimba, wanavimba, mwisho wanapasuka. Humu ndani hatusuuzi kitu kwa maji ya bomba. Hata mtoto wangu wa darasa la pili anajua!" Alionyesha ndoo iliyojaa maji ya tangi. "Chovya pale. Basi. Na leo ndiyo leo, wifi, usinitie presha."

"Samahani, wifi."

"Samahani yako wape wao," Mama Wadudu akasema, akiliangalia tangi. Lakini alishaanza kucheka.

Ambaye hakucheka alikuwa msimamizi wa zamu. Alisimama kwenye ngazi, kofia ngumu ya njano kichwani, ile ambayo hakuivua hata akila, ndiyo maana wakamwita Kofia. Aliitazama kata pale chini. Kisha akamtazama Sindano, polepole, kuanzia buti mpaka usoni.

Halafu akaondoka.

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni mwa Sindano. "Sampuli, sampuli, njoo getini. Kuna malori ya kupimwa."

Sindano alishuka ngazi mbili mbili.

Getini kulikuwa na malori mawili ya maji, Isuzu, meupe, yamepigwa dasta mpaka yanang'aa. Nyuma yake ilisimama Hilux nyeusi ya Mshauri. Huyo Mshauri ndiye mtu wa ile kampuni ya kigeni, mrefu, mpole, mwenye manukato, aliyekuwa na kibali cha kuhudhuria ukaguzi. Alishusha kioo, akatabasamu. Sindano akamjibu kwa tabasamu la mwajiriwa mpya.

"Yamebeba nini?"

"Maji, dada," alisema askari wa geti, mnene, mwenye furaha. "Maji safi kabisa. Nimeshapiga vikombe viwili, tumbo shwari."

"Ya nini?"

Dereva wa lori la kwanza akatoa kichwa. "Kuosha uwanja, wageni wakute panapendeza. Tumeagizwa."

"Na nani?"

"Na Mama mwenyewe. Simu ilitoka ofisini kwake."

Sindano akapanda kwenye lori, akafungua mfuniko, akatoa kalamu ya Parker iliyokuwa kifuani. Haikuwa kalamu. Ncha yake ilikuwa inatambua aina zote za sumu ambazo idara iliwahi kukutana nazo, na nyingine ambazo ilikuwa inazingoja. Nyekundu, hatari. Kijani, salama.

Akaichovya.

Kijani.

Akapanda lori la pili. Kijani tena.

Aliruka chini. Alitaka sana iwe kijani, huo ndio ukweli. Alitaka wifi yake awe mtu aliyeagiza maji ya kuoshea uwanja, basi.

"Waache wapite," akasema.

Na hapo, jamani, ndipo jasusi aliyefunzwa kwa gharama ya serikali alipoifungulia adui mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Malori yakapita. Hilux ikafuata.

Sindano alirudi kwa miguu, akikata katikati ya uwanja. Mfagizi alikuwa anamwagia zege maji ya bahari kutoka kwenye ndoo, anasugua, anaimba kwa puani.

"Mzee, pumzika," Sindano akamwambia. "Umeletewa maji malori mawili."

Mfagizi akaacha kusugua. "Maji gani?"

"Maji safi. Ya kuoshea."

"Wacha mchezo, binti. Hapa hatuoshei maji safi." Alielekeza fagio kwenye wavu wa chuma uliokuwa katikati ya uwanja. "Mfereji huu unamwaga moja kwa moja tangini, ili mafuta yanayodondoka yasiende baharini. Maji matamu yatawamaliza wadudu wa Mama. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku."

Sindano alisimama pale pale.

Wanavimba, wanavimba, mwisho wanapasuka.

Kalamu ilisema salama, na kweli yalikuwa salama. Kwa askari wa geti. Kwa kila kiumbe chenye tumbo. Hakuna mtambo duniani unaopekua maji ya kunywa getini, na mtu aliyefikiria hivyo alikuwa na akili ya kishetani.

Tena alikuwa mtu wa humu humu. Na nani humu aliyejua habari hizo kuliko Mama Wadudu?

Sindano akatimua mbio.

Njia fupi ya kwenda kwenye wavu ilipita mbele ya chumba cha mashine za hewa. Mlango wa chuma ulikuwa wazi. Aliona njano pembeni ya jicho, akainama, akachelewa. Spana ilimpata juu ya sikio na dunia ikazunguka. Mtu akamsukuma ndani kwa buti.

Alianguka kifudifudi kwenye sakafu iliyotapakaa grisi. Mashine zilikuwa zinanguruma mpaka meno yanatetemeka.

Kofia alisimama mlangoni. Ilimbidi apige kelele.

"Mtu aliyewahi kufanya kazi hii hasuuzi kata kwenye bomba! Nani kakutuma?"

Sindano alipeleka mkono kwenye kifundo cha mguu.

Mlango ukafungwa. Kufuli likalia.

Alichomoa Glock, akapiga mlango risasi mbili. Chuma kikazirudisha, moja ikapita karibu na shavu lake. Akaacha upuuzi huo. Alipiga kelele, hata yeye mwenyewe hakujisikia. Nokia haikuwa na mtandao. Redio ilikuwa imevunjika chini ya nyonga yake. Damu ilimwingia jichoni na hasira ikampanda mpaka akataka kulia. Kofia! Simu ya ofisi ya Mama Wadudu ilikuwa inapigwa na nani wakati Mama yuko juu ya tangi toka asubuhi?

Au wako pamoja?

Hapana. Subiri. Kulikuwa na njia ya kujua.

Kaka yake alipokuwa hai alizoea kumtania mkewe mbele za watu: huyu mwanamke radi ikipiga analala fofofo, lakini mashine ya hewa ikikohoa tu ameshavaa viatu. Bakteria wasipopata hewa wanaanza kufa. Mtu anayetaka wafe asingesumbuka kuja.

Sindano alijikokota hadi kwenye swichi kubwa nyekundu. Akaishika kwa mikono miwili.

Akaizima.

Ukimya uliotanda ulitisha. Nje, kwa mara ya kwanza, alisikia pampu za malori zikisukuma maji.

Akangoja. Hakuna kitu.

Akaendelea kungoja, na moyo ukaanza kumshuka. Pingu mfukoni. Wifi yake, aliyemlilia mumewe mpaka sauti ikakauka.

Halafu akasikia kandambili. Kandambili zilizokuwa zinakimbia kama za mtu aliyesikia mtoto wake ameanguka kisimani.

Funguo zikahangaika kwenye kufuli. Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Nani kazima?" Mama Wadudu aliingia amevaa kandambili moja, miwani imekaa upande. "Nani kazima mashine zangu? Nitamnyonga!" Hakuiona damu, hakuiona bastola. Alimruka Sindano, akaivaa swichi, mashine zikaamka. Hapo ndipo alipogeuka. "Wifi! Umefanya nini kichwani?"

Sindano akamshika mabega. "Uliagiza malori ya maji?"

"Malori gani?"

"Mawili. Maji matamu. Yako kwenye wavu wa uwanja sasa hivi."

Sindano alikuwa amewahoji waongo wa kila aina, wa suti na wa kanzu. Hakuwahi kuona uso ukibadilika namna ile. Mama Wadudu akatoka mbio.

Haya sasa. Kazi.

Malori yalikuwa yamesimama pande mbili za wavu, mipira minene imeshushwa mferejini, maji yanakwenda kwa fujo. Kofia alikuwa kwenye pampu. Juu, povu jeupe lilishaanza kupanda kwenye ukingo wa tangi.

Sindano alipiga goti moja.

Paa! Mpira wa kwanza ukachanika.

Paa! Wa pili ukaruka juu, ukamlowesha Kofia mwili mzima. Madereva wakajitupa chini ya malori wakiwaita mama zao. Kofia akatupa spana, akakimbilia getini.

"Tulia hapo," sauti ya upole ikasema.

Mshauri alikuwa ametoka kwenye Hilux. Beretta yake haikumwelekea Sindano. Ilimwelekea Mama Wadudu, aliyekuwa amepiga magoti anaziba wavu kwa gauni lake la kazi.

"Weka chini, dada wa sampuli. Tangi linakufa lenyewe. Hakuna sababu na huyu mama afe."

Sindano aliinama taratibu. Akaweka Glock chini. Mshauri alikuwa amesimama mahali pazuri, chini ya kivuli, mgongo ukiwa karibu na bomba nene jekundu lililotoka baharini. Hakujua lina nini. Sindano alijua, maana asubuhi zote za wiki ile alilifungulia kwa tahadhari kuchukua sampuli. Maji mabichi ya visima vya mafuta. Moto, chumvi, mafuta, yote chini ya msukumo.

"Sawa," akasema. "Umeshinda."

Alijiviringisha kuelekea bombani na kupiga teke mkono wa koki.

Maji yakafyatuka. Yalimpata Mshauri shingoni na usoni, akapiga ukelele uliosikika mpaka ofisini. Beretta ikalia hewani mara moja. Sindano alikuwa ameshamfikia. Kiwiko kwenye mbavu, goti kwenye tumbo, kifundo cha mkono kikageuzwa upande ambao hakikuumbiwa. Pingu zikatoka mfukoni, zikampata mwenyewe.

Getini, askari mnene alikuwa amefunga geti na kumkalia Kofia mgongoni.

"Na hayo maji nimekunywa!" alikuwa anamfokea. "Nimekunywa vikombe viwili, mshenzi wewe!"

Lakini Mama Wadudu hakuwa na habari na yeyote kati yao. Alikuwa juu ya tangi, ameshika kipima chumvi.

"Imeshuka," alisema. "Imeshuka mno. Wifi, wanapasuka. Wanapasuka mikononi mwangu."

"Tufanye nini?"

"Chumvi." Akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikatoka. "Chumvi! Stoo! Kila mwenye mikono!"

Walitoka watu ambao Sindano hakujua kama wapo. Fundi umeme, karani, mpishi wa kantini na aproni yake, mfagizi, hata madereva wa malori, ambao kumbe walidanganywa kama wengine. Gunia kwa gunia, mgongo kwa mgongo, ngazi juu. Jasusi wa idara isiyo na kibao alibeba gunia begani huku damu inamkaukia shingoni, na chumvi ikaingia kwenye jeraha. Alitukana matusi ambayo hayaandikiki.

"Polepole, msimwage rundo!" Mama Wadudu alikuwa anaamuru. "Nyunyiza huku kwenye mapovu! Wewe fundi, ongeza hewa! Tena! Tena!"

Akapima. Akatikisa kichwa.

"Tena!"

Akapima. Akainua mkono, na kila mtu akasimama alipo.

Alichota tone, akalipeleka kwenye hadubini iliyokuwa chini ya banda, akainamisha jicho. Mpishi alianza kuomba kwa sauti ya chini.

"Wengi wamekwenda," alisema bila kuinua kichwa. Halafu: "Lakini wapo. Wapo! Wanatembea. Mnawaona wanavyotembea?" Hakuna aliyeona kitu, lakini watu walishangilia kama wamefunga goli.

Honi ikapigwa getini. Wakaguzi.

Walikuwa watatu, na mkubwa wao alichukia alichokiona: povu, magunia, mtu mwenye pingu ananung'unika chini ya bomba. "Tunachukua sampuli sasa hivi," akasema. "Ratiba ni ratiba."

Sindano alitoa kitambulisho chenye mfuko wa ngozi nyeusi, akakifungua mbele ya pua yake.

"Mtambo huu umeshambuliwa. Mtasubiri maji yatulie, kisha mtapima. Yakiwa machafu andikeni machafu. Viti viko kantini."

Mkaguzi alikisoma mara mbili. Akatafuta kiti.

Maji yalitulia jua likiwa limeanza kulegea. Chupa ilijazwa, ikapimwa, ikapimwa tena kwa sababu mkubwa yule hakupenda kuharakishwa. Mwisho akavua miwani.

"Yamepita," alisema. "Kwa taabu. Lakini yamepita."

Mama Wadudu hakushangilia. Alikuwa amekaa kwenye gunia tupu, akimtazama Sindano. Kile kitambulisho alikiona naye.

"Bima, siyo?"

"Wifi..."

"Nyumbani kwangu umekula. Wanangu umewaogesha." Sauti haikupanda, na hiyo ndiyo iliyouma. "Zile pingu ulikuja nazo za nani?"

Kudanganya ndiyo ilikuwa kazi ya Sindano, na alikuwa na uongo wa aina tano tayari mdomoni, wote mzuri.

"Zako."

"Na ungenifunga?"

"Ningekufunga, wifi."

Mama Wadudu aliinamisha kichwa. Alifuta chumvi mikononi kwa gauni, kidole kimoja kimoja. Machozi yalimtoka, hakuyajali.

"Ulizima mashine zangu ili unipime."

"Ndiyo. Na ulikuja."

"Nitaacha kuja?" Alisimama, akavuta pumzi. "Jumapili njoo. Watoto hawana kosa, na wewe ndiye shangazi waliye naye. Lakini mimi usinisemeshe mpaka nikuanze mwenyewe. Inaweza ikachukua muda mrefu sana, nakwambia mapema."

"Nitangoja."

"Na hicho kichwa kashonwe."

Alipanda ngazi kurudi kwa wadudu wake, hakugeuka nyuma.

Sindano alifuta buti, akavaa miwani ya jua, akatembea hadi kwenye gari lake bila haraka. Askari wa geti akampigia saluti, ya kwanza tangu aajiriwe. Alipowasha injini, Nokia ikalia.

"Ripoti," alisema Mjomba.

"Mgonjwa anapumua. Mshauri na msimamizi wa zamu wako chini ya ulinzi. Wifi yangu hana hatia."

"Safi. Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza. Utakuja wewe mwenyewe kumwomba radhi."

Mjomba alikohoa. "Idara haiombi radhi."

"Jumapili, saa ya chakula cha mchana," Sindano akasema, akaingiza gia. "Njoo bila walinzi. Na ukifika, wasalimie watoto kwanza."

Akakata simu kabla hajajibiwa, akaingia barabarani.